Kilkenny au Cobh? Mji gani wa kale wa Ireland uende wakati wa baridi

Watu wengi wanaotua Ireland Desemba au Januari hawakuuchagua huo mwezi wenyewe. Ni likizo ya chuo, ni dada kajifungua, ni tiketi ilipatikana bei chee kupitia Doha au Istanbul basi ikachukuliwa. Alafu wakishakaa Dublin siku mbili tatu wanaanza, jamani tutoke twende wapi pa kihistoria? Na majibu wanayopewa ni yale yale ya Julai, nenda Cliffs of Moher, zunguka Ring of Kerry, mtu anakaa kwenye basi masaa yote yale anafika anakuta ukungu mtupu, bahari anaisikia tu haioni.

Msimamo wangu ni kwamba baridi sio msimu wa mandhari, ni msimu wa miji. Na kwa miji ya kale nakupa miwili uipime, Kilkenny ulioko ndani ya nchi kwenye mto Nore, na Cobh (tamka Kov) ulioko bandari ya Cork kule kusini. Yote midogo, yote unaimaliza kwa miguu, yote kiangazi inajaa watalii na saa hizi imetulia. Ila ukija baridi ni safari mbili tofauti kabisa, na ukienda kwenye ule usiokufaa utarudi unawaambia watu Ireland haina kitu.

Kabla ya yote niseme la visa maana kuna ndugu zetu walioko Ufaransa, Ubelgiji, Ujerumani huwa wanajiamini. Ireland haiko Schengen. Visa ya Schengen haikuingizi Dublin, na ya Uingereza kwa pasi ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Congo nayo haikuingizi, unaomba ya Ireland yenyewe. Na ukishafika usivuke kwenda Belfast kutembea tu kwa sababu basi lipo na mpakani hakuna mtu, kule ni Uingereza, ni visa nyingine.

Mwanga na mvua, hapa ndo pa kuamulia

Desemba huku jua linachomoza kwenye saa mbili na nusu asubuhi na linazama saa kumi na dakika chache jioni. Yaani una kama masaa saba na nusu ya mwanga, na wingu likishuka hayo masaa yenyewe ni kijivu kutwa. Mwishoni mwa Februari ni afadhali sana, jua linafika karibu saa kumi na mbili jioni kama nyumbani.

Baridi yenyewe kwenye namba haitishi, mchana nyuzi 5 mpaka 8 hivi, usiku inaweza kugusa sifuri, theluji ni nadra. Mtu wa Makete au Limuru atakwambia mbona ya kawaida. Shida sio namba, shida ni unyevu na upepo, mvua ya huku haipigi ikaisha ikaanika, inanyunya nyunya inaacha inarudi, inakuja kwa pembeni, na ukishalowa viatu saa nne asubuhi siku yako imekwisha. Koti zito la mtumba la Karume au Gikomba linatosha kabisa (lenyewe linakuwa limerudi kwao tu), cha kununua huku ni viatu visivyopitisha maji na koti jepesi la juu la kuzuia upepo. Mwavuli Kilkenny unasaidia saidia, Cobh sahau, ukifika pale ufukweni unageuzwa nje ndani mara moja.

Sasa tofauti kubwa ya hii miji ndo inaanzia hapa. Kilkenny ni mji wa kukaa ndani, mambo yake mengi yana paa juu na umbali kutoka paa moja mpaka lingine ni dakika tano. Cobh ni mji wa nje, raha yake ni bandari, vilima, nyumba za rangi, makaburi, na hivyo vyote vinahitaji mwanga na angalau mvua iwe ya kistaarabu. Kwa hiyo kabla hujaangalia picha za mtandaoni angalia utabiri. Siku tatu za mvua mfululizo, Kilkenny. Siku moja imefunguka katikati ya wiki, Cobh, na uwahi treni.

Alafu kuna dhoruba. Huku dhoruba zinapewa majina na mamlaka ya hali ya hewa, Met Éireann, inatoa tahadhari kwa rangi, njano, chungwa, nyekundu. Njano watu wanaendelea na maisha yao. Chungwa fikiria mara mbili. Nyekundu unakaa ndani, sio utani, tarehe 24 Januari 2025 dhoruba Éowyn ilipopita nchi nzima ilikuwa nyekundu na upepo ulipimwa kilomita 183 kwa saa kule Mace Head, Galway. Cobh uko kwenye kisiwa, barabara ya kuingilia ni daraja moja la Belvelly, ukiacha kivuko cha magari na reli, kwa hiyo siku ya tahadhari ya chungwa mi ningebaki zangu Cork mjini.

Kufika

Kilkenny inashinda bila mjadala ukiwa Dublin. Treni inatoka stesheni ya Heuston, saa moja na nusu na ushee umefika, unashuka MacDonagh unatembea dakika kumi uko mjini. Eapoti ya Dublin haina treni kabisa, lakini kuna mabasi yanatoka hapo hapo eapoti mpaka Kilkenny, unaweza usiione Dublin kabisa kama hutaki.

Cobh ni mbali zaidi, Dublin mpaka Cork treni ni kama masaa mawili na nusu, alafu unabadilisha pale pale stesheni ya Kent unapanda katreni kadogo ka Cobh, dakika 25 hivi. Ila hizo dakika 25 zenyewe ni sehemu ya safari, reli inapita pembezoni mwa maji na kukatiza visiwa, kaa upande wa dirisha. Na stesheni ya Cobh iko ufukweni hasa, ukishuka hutafuti mji, uko ndani yake.

Tiketi za treni nunua mtandaoni mapema, inakuwa nafuu kuliko ya dirishani. Kitu cha kujua ni kwamba Kilkenny na Cork hazina treni ya moja kwa moja, watu wanaona kwenye ramani ziko jirani jirani wanapanga siku moja miji miwili, utashinda kwenye mabasi.

Wenye kuendesha, gari huku linakaa kushoto kama Tanzania, Kenya na Uganda. Hata soketi ni zile zile za pini tatu, chaja yako inaingia. Watu wa Congo, Rwanda na Burundi nyie njooni na adapta.

Kilkenny: paa kwa paa

Mji wote wa zamani umenyooka kwenye mtaa mmoja unaoitwa Medieval Mile, huku mwisho mmoja ngome, kule mwisho mwingine kanisa kuu la St Canice, na katikati vichochoro. Unatembea robo saa. Ndo maana naupenda kwa baridi, mvua ikianza unaingia kitu kinachofuata.

Ngome ya Kilkenny ya mawe ilijengwa na William Marshal mwanzoni mwa karne ya 13, na mwaka 1391 ikanunuliwa na ukoo wa Butler ambao walikaa humo mpaka 1935, fikiria, zaidi ya miaka 500 nyumba moja ukoo mmoja. Mwaka 1967 wakaikabidhi kwa watu wa mji kwa pauni 50. Hamsini. Leo ni mali ya serikali, iko wazi mwaka mzima ila baridi inafungwa mapema, na bustani yake kubwa haina kiingilio. Ukiingia ndani usikimbilie vyumba vya kulala vya malodi, vyote vinafanana baada ya cha tatu, nenda kakae kwenye ile sebule ndefu ya picha. Dari lake la mbao limechorwa ndege na wanyama na mapambo ya Kikelti mwanzo mpaka mwisho, na juu kabisa kuna mstari wa vioo, mchana wa Januari wenye wingu ndo unaelewa kwa nini fundi aliweka vioo juu, kuta zote zimejaa picha za ukoo na mwanga unazishukia taratibu kutoka darini. Katikati kuna meko ya marumaru nyeupe ya Carrara iliyochongwa historia ya ukoo paneli kwa paneli. Agosti hapo unasukumwa na makundi ya watalii na bendera zao, Januari unaweza kukuta uko wewe na mlinzi, na walinzi wa huku wakikosa watu wanaongea, muulize tu swali moja.

Kule mwisho mwingine kwa St Canice kuna mnara wa mviringo wa karne ya 9, mita 30, mzee kuliko kanisa lenyewe lililoko pembeni yake. Unapandwa mpaka juu. Ni bomba la mawe, ndani ngazi za mbao zimesimama wima, unapanda ghorofa kwa ghorofa, mkoba mgongoni unakwama, na ukitokea juu ni wazi kabisa, hakuna paa, mji wote uko chini yako. Upepo ukiwa mkali au mvua wanaufunga, na watoto wadogo hawapandi, kwa hiyo usimuahidi mtu kabla ya kufika. Ukifungwa hujala hasara, kanisani kuna makaburi ya akina Butler yamechongwa kwa jiwe jeusi la Kilkenny, mtu na mke wake wamelala pamoja na nguo zao za zamani hata mikunjo ya kitambaa inaonekana.

Katikati kuna Rothe House, nyumba ya mfanyabiashara iliyoanza kujengwa 1594, kuna jumba la makumbusho ndani ya kanisa la zamani la St Mary, kuna Black Abbey ya watawa wa Dominiko ya mwaka 1225 ambayo ni bure na bado inasaliwa, ina dirisha la vioo vya rangi la Rozari, kubwa hilo. Angalia ratiba, baridi baadhi ya hizi sehemu zinafunga siku fulani za mwanzo wa wiki.

Ila kitu kilichonishika mimi Kilkenny ni kesi ya Alice Kyteler, mwaka 1324. Mama tajiri, kaolewa mara nne, watoto wa kambo wakasema anawaroga waume zake, yaani baba zao, askofu Richard de Ledrede akalivalia njuga. Alice alikuwa na ndugu wakubwa wakubwa, akatoroka, hakuonekana tena. Aliyebaki ni mfanyakazi wake, Petronilla de Meath, akachapwa mijeledi mpaka akakiri na tarehe 3 Novemba 1324 akachomwa moto hapo hapo Kilkenny. Mwenye nacho kakimbia, hausigeli ndo kachomwa. Kuna baa mjini ina jina la Kyteler, watu wanapiga selfi na sanamu lake, jina la Petronilla kulisikia mpaka uulize. Ukitoka jioni ya giza saa kumi na moja upite kile kichochoro cha Butter Slip peke yako utaelewa nini nasema.

Na lingine la kucheka kidogo, mwaka 1366 Waingereza walipitisha sheria hapa, Sheria za Kilkenny, kwamba Mwingereza asioane na Muirishi, asiongee Kiirishi, na hata asicheze mchezo wao wa fimbo na kampira kadogo, hurling. Sasa nenda uwanja wa Nowlan Park mwishoni mwa Januari au Februari ligi ikianza uone. Kilkenny imechukua ubingwa wa Ireland mara 36, hakuna kaunti nyingine imefika hapo, na wanaowafuata ni hao hao Cork tunaowalinganisha nao. Tiketi ya ligi haiumizi kama ya fainali. Vaa soksi mbili.

Cobh: mji wa kuondoka

Kati ya 1848 na 1950 Wairishi kama milioni 6 walihama nchi yao, na zaidi ya milioni 2.5 kati yao walipandia meli hapa. Wakati huo mwingi mji uliitwa Queenstown, toka malkia Victoria alipokuja 1849 mpaka 1920. Makumbusho ya hayo yote iko ndani ya jengo la stesheni ile ile unayoshukia treni, na mbele yake, ufukweni, kuna sanamu la Annie Moore na wadogo zake wawili wa kiume, yule binti aliyekuwa mtu wa kwanza kupokelewa Ellis Island, kituo cha wahamiaji kule New York, tarehe 1 Januari 1892. Angalia vizuri, alivuka Desemba. Ukisimama pale Desemba na upepo wa bandari unakupiga usoni hupati haja ya maelezo ya ukutani. Na kwetu sisi tulioacha wazee nyumbani, hili jumba lina namna yake ya kukukalia, nimeona wadada wa kwetu, manesi wakakamavu kabisa, wamekaa kwenye benchi humo ndani wametulia tuli.

Hapa ndo Titanic ilisimama mara ya mwisho, 11 Aprili 1912. Haikuingia gatini, ilitia nanga nje karibu na Roches Point, abiria 123 wakapelekwa kwa vivuko viwili kutoka nyuma ya ofisi ya tiketi ya White Star, kampuni yenye meli. Ofisi hiyo sasa ni maonyesho, unapewa tiketi yenye jina la mmoja wa hao 123 na mwisho unaangalia kama ulipona. Waliopona ni 44. Wengi walikuwa daraja la tatu, 113, kwa hiyo hesabu yako unaijua mapema. Kwangu mimi maonyesho yenyewe ni ya kawaida, ni mafupi, cha kuangalia ni kule nyuma, gati la mbao la zamani bado lipo, yaani mabaki yake, nguzo nyeusi zimelika na maji zimeinama huku na huku, ndo hizo hizo walizokanyaga. Hakuna aliyezikarabati na afadhali.

Miaka mitatu baadaye, 7 Mei 1915, manowari ya Kijerumani ikaizamisha meli ya abiria Lusitania nje ya rasi ya Old Head of Kinsale, wakafa karibu watu 1,200, na maiti nyingi zililetwa Cobh. Zaidi ya mia moja wamezikwa kwenye makaburi ya Old Church nje kidogo ya mji, kwenye makaburi matatu ya pamoja. Ni kutembea na ni mlima, ukiwa na mtu mzima chukua teksi.

Mnara wa kumbukumbu yao uko katikati ya mji, malaika na chini yake wavuvi wawili wamenyong'onyea, kwenye kiwanja kinachoitwa Casement Square. Wakongomani simameni hapo. Huyu Roger Casement ndo yule konsuli wa Uingereza aliyepanda mto Congo akaandika ripoti iliyotoka 1904, mikono iliyokatwa, watu waliochapwa na kuuawa kwa ajili ya mpira (raba) wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Baadaye akageukia upande wa uhuru wa Ireland na Waingereza wakamnyonga London Agosti 1916. Kwenye kiwanja chenyewe hawakueleza sana mambo ya Congo, ukiwa na watoto waeleze wewe.

Na kwa Wakatoliki, hasa wana Lejio ya Maria, kaunti hii ya Cork ndo alikozaliwa Edel Quinn, 1907 huko Kanturk, yule aliyekuja kuieneza Lejio Afrika Mashariki akafia Nairobi Mei 1944. Kanisa kuu la St Colman pale Cobh litakufaa kwa misa, liko juu ya mji, lilianza kujengwa 1868 na kazi ikachukua miaka 47, na sehemu ya pesa ilikuwa michango ya Wairishi waliohamia Marekani na Australia, habari ambayo mtu yeyote wa diaspora anaijua. Lina kengele 49, zikilia mji mzima unasikia.

Ubaya wa Cobh ni vilima, umepangwa ngazi ngazi kama nyumba za vilima vya Mwanza, zile nyumba 23 za rangi wanazoziita Karata zimeshuka mteremko mkali, ukipanda umelowa na ukishuka kwenye majani yaliyoanguka yakaloa unateleza. Na kile kisiwa cha Spike Island, ngome iliyokuwa gereza, ambacho kiangazi ni nusu ya sababu ya kwenda Cobh, baridi safari zake zinapungua sana au hamna kabisa. Meli kubwa za kitalii nazo ni nadra. Kwa wengine hiyo ni hasara, kwangu ni faida tupu, bandari unaiona yenyewe badala ya ukuta mweupe wa ghorofa kumi na mbili.

Jioni, na hapa Cobh inapigwa bao

Giza linaingia saa kumi na moja na wewe hujachoka. Utafanya nini mpaka usingizi? Kilkenny ina jibu, baa zina moto wa meko, kuna muziki wa asili karibu kila usiku sehemu fulani, migahawa mingi, na baa ya huku hata kama hunywi unaingia unaagiza chai au supu unakaa masaa mawili hakuna anayekukodolea. Cobh usiku wa Januari siku ya Jumanne, mji umelala. Migahawa kadhaa inafunga hasa baada ya sikukuu, wenye nayo nao ndo wanapumzika.

Kwa hiyo usilale Cobh. Lala Cork mjini, ni jiji, kuna chakula cha kila aina, kuna soko la ndani la English Market ambalo liko toka 1788, Cobh unaenda asubuhi unarudi jioni. Ukiwa Cork tarehe 6 Januari utakuta Nollaig na mBan, Krismasi ya wanawake, kina mama wanatoka kula na kujiachia na wanaume wanabaki na watoto na vyombo. Kina dada, panga tarehe vizuri.

Chakula kwa Waislamu, kile kifungua kinywa kamili cha Kiirishi kina soseji za nguruwe na ile nyeusi ni ya damu, usidanganyike na muonekano. Halali utapata kwa urahisi Dublin na Cork, kwenye miji midogo kula samaki, chauda ya samaki na mkate wao wa kahawia wa soda ni chakula cha baridi hasa. Ramadhani nayo siku hizi inaangukia baridi, ya 2027 inaanza mwanzoni mwa Februari, saumu fupi ukilinganisha na Juni ya huku, na futari saa kumi na moja na nusu jioni inakukuta ushamaliza matembezi.

Bei na siku

Hoteli zinashuka sana Januari na Februari katikati ya wiki, ngome na makumbusho bei ni zile zile. Lakini Kilkenny ina siri moja, wikendi hata ya baridi ni mji wa vikundi vya kumuaga bibi harusi na bwana harusi, wanakuja toka nchi nzima na mashada na makelele mpaka saa tisa usiku, bei za vyumba zinaruka Ijumaa na Jumamosi. Nenda Jumatatu jioni utoke Alhamisi. Cork mjini haina tatizo hilo sana maana ni kubwa.

Tarehe 25 Desemba nchi nzima hakuna treni wala basi, na 26 treni za mikoani usizitegemee. Kama unafikia kwa ndugu basi tulia hapo mpaka tarehe 27.

Nani aende wapi

Mzee, mama mja mzito, mtu wa magoti, Kilkenny, sehemu kubwa ni tambarare na kila hatua mia kuna pa kukaa. Mtu wa mara ya kwanza mwenye siku mbili tu na yuko Dublin, Kilkenny, usijisumbue. Mpenda historia ya zama za kati, wachawi, wafalme, majiwe, Kilkenny.

Watoto, Cobh, na hapa watu hunishangaa. Ni kwa sababu ya Fota, ile reli ya Cobh inasimama kwenye mbuga ya wanyama ya Fota, iko wazi hata baridi, na wanyama wengi wanazunguka wazi. Najua, mtu katoka Arusha hataki kulipa euro aone twiga, lakini mtoto aliyezaliwa Dublin au Brussels hajawahi kumuona, na duma wa pale ni maarufu kwa kuzaliana. Twiga na manyunyu ya Cork ni kitu cha kuona hata hivyo, wamejibanza kwenye banda lao.

Mtu aliyewahi kuaga watu eapoti na anajua ile hali, aende Cobh, siku moja kavu, peke yake au na mmoja tu.

Kuna watakaouliza Kinsale, maana iko huko huko Cork na ina sifa za chakula. Ni nzuri, na vita yake kubwa ya 1601 ilipiganwa baridi hii hii, Wahispania wamezingirwa mjini na Wairishi wakachelewa kushinda mpaka wakashindwa. Ngome ya Charles Fort iko wazi mwaka mzima. Lakini unaifikia kwa basi tu, na hicho chakula chenyewe Januari nusu ya milango imefungwa, ningeiacha mpaka Aprili.

Ukiweza kuchagua wiki mwenyewe, chukua ya pili au ya tatu ya Februari, ile likizo ya Mtakatifu Brigida ya Jumatatu ya kwanza ishapita kwa hiyo bei zimeshuka tena, mwanga umeongezeka, ligi ya hurling inaendelea. Wenye watoto wa shule angalieni tu isigongane na likizo yao ya katikati ya muhula, wiki hiyo vyumba vinapanda. Lala Kilkenny usiku mbili kuanzia Jumatatu, Jumatano basi mpaka Cork, na Cobh uiweke Alhamisi au Ijumaa, yoyote ambayo utabiri unasema haitanyesha mpaka saa nane mchana.